Nguo Nyeusi ya Mtani

Kitione alifariki siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, na mimi nilicheka.

Naliandika hilo kwanza ili lisije likanitoroka. Nilikuwa dukani kwetu mjini Nausori, nashona mikunjo ya sketi za shule, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Kwenye kikundi chetu cha watani cha simuni, binamu wa Kitione, Peceli, akaandika: "Kitione amefariki asubuhi hii hospitalini. Tuombeane."

Kikundini kwetu watu walikufa kila wiki. Timu ya raga ya Waikete, kijiji cha kina Kitione, ikifungwa, tulikiua kijiji chao kizima na kuwatumia rambirambi. Mjomba wangu alipounguza sharubu akiwasha jiko, wao walitangaza mazishi yake, saa na kanisa. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

"Kauawa na nini? Hesabu?"

"Mungu amlaze mahali pasipo na imla."

"Poleni Waikete. Sasa mmebaki na nani wa kushika kalamu?"

Nikafuta mikono kwenye nguo yangu, nikaandika: "Mwambieni marehemu aandike tangazo mwenyewe. Akipatia herufi zote nitaamini amekufa, maana hayo yatakuwa miujiza."

Watu sitini walicheka kabla sijaokota sindano. Nami nikacheka kwa maneno yangu mwenyewe, nikaendelea kushona huku nikimngoja ajibu. Kitione alikuwa akinijibu ndani ya dakika mbili. Hata akiwa darasani, simu chini ya dawati, alinijibu.

Dakika mbili zikapita. Zikapita kumi. Ndipo simu ikalia. Alikuwa Seruwaia, mdogo wake.

"Una." Ndivyo wanavyoniita, kifupi cha Unaisi.

"Niambie, dada wa marehemu."

Hakucheka. Nyuma yake nilisikia mwanamke akilia kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyekwisha kulia kwa muda mrefu.

"Futa ulichoandika, Una," akasema. "Mama ameomba simu asome salamu za watu. Futa kabla hajafika hapo."

Nikafuta. Mkono wangu ulikuwa ukifanya mambo na mimi nikiuangalia tu.

*

Kijiji chetu, Navunisole, kiko kisiwani. Chao, Waikete, kiko upande wa juu wa mto Rewa. Mababu zetu walikuwa na mzimu mmoja, ndiyo maana sisi na wao ni watani. Tunaitana tau. Mtu wa Waikete anaweza kuingia kwetu akabeba kuku, akamwita baba yangu mzee wa meno mawili, na baba yangu haruhusiwi kukasirika. Kinachotakiwa ni kumjibu vizuri zaidi.

Mimi na Kitione tulianza kwa magimbi. Miaka mitatu iliyopita alitangaza kikundini kwamba anauza magimbi ya shambani kwake, na tangazo lile lilikuwa na makosa mengi kuliko magimbi yenyewe. Nikamwandikia: "Tau, magimbi yako yameiva lakini herufi zako bado mbichi. Rudi shule."

Akajibu: "Mwalim, wewe ulifka kidato cha ngapi?"

"Cha tano."

"Mimi cha nne. Kumbe umenizidi mwaka mmoja tu, na tayari umefungua ofsi?"

Watu walicheka siku mbili. Tangu hapo mimi nikawa Mwalimu na yeye Mwanafunzi, na kila asubuhi watu wa vijiji viwili waliamka kuangalia tumeandikiana nini. Nilimsahihisha kwa wino mwekundu wa simu. Alinitumia picha ya nguruwe wake na kuniuliza kama anaandikwa kwa herufi kubwa. Nilikuwa nalala nikimtafutia jibu la kesho, na sikujua kwamba hiyo tayari ni mapenzi. Nilidhani ni utani tu.

Kisha Krismasi ya mwaka juzi akaandika, mbele ya watu elfu mbili:

"Mwalim Unaisi nakuomba unioe. Au mimi nikuoe. Yeyote atakae weza."

Watu mia tatu walicheka. Shangazi zangu walicheka. Baba yangu alicheka mpaka akavua miwani. Kati ya watani, uchumba wa namna ile hutokea kila sherehe. Mwanamke anamwita babu wa watu "mume wangu", anadai mahari, watu wanashika mbavu, basi. Hakuna anayekwenda nyumbani akalifikiria.

Nami nikajibu maneno matatu: "Maliza shule kwanza."

*

Mwisho wa Januari duka letu hujaa. Akina mama wanawavuta watoto kwa mikono, watoto wanalilia viatu, na mimi nakuwa na futi ya kupimia shingoni tangu asubuhi. Siku hiyo niliona mwanaume mrefu amesimama kwenye foleni ya akina mama, kofia mkononi, tope la mtoni limekauka visiginoni. Zamu yake ikafika.

"Sare ya shule," akasema. "Sulu ya kijivu na shati jeupe. Mbili mbili." Sulu ni ile nguo ya kufunga kiunoni wanayovaa wanafunzi wetu.

"Mtoto yuko wapi? Mimi sipimi hewa."

"Mtoto ni mimi."

Nikainua macho. Nilikuwa nimeuona uso ule kwenye picha ndogo ya duara kwa miaka, ukubwa wa kifungo cha shati. Sikujua kwamba ana kovu kwenye nyusi. Sikujua kwamba ni mtu wa kutazama chini anapoona haya.

"Kitione?"

"Mwalimu." Akainamisha kichwa kama watoto wanavyofanya mlangoni mwa ofisi. "Umesema nimalize shule kwanza."

"Tau! Ule ulikuwa utani!"

"Wako ulikuwa utani," akasema. "Wangu haukuwa."

Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja aliyekuwa na mapacha akasema, "Isa!", yaani masikini, kwa sauti ya huruma, kisha akaziba mdomo.

"Una miaka mingapi?" nikamuuliza, kwa sababu sikupata kitu kingine cha kuuliza.

"Ishirini na saba."

"Na utakaa na watoto wa miaka kumi na sita?"

"Mkuu wa shule ameniuliza hivyohivyo. Akasema sawa, ila anayekaa darasani kwake anavaa sare. Nadhani alitaka nikimbie." Akatabasamu kidogo. "Nimekimbilia hapa."

Nikaishika futi. Nikaona afadhali nianze na mgongo, ambako hanioni. Mgongo ule ulikuwa umebeba magunia. Mabega yalikuwa mapana kuliko namba yoyote ya sare tuliyokuwa nayo kwenye daftari la duka. Nimepima watoto maelfu katika kazi hii, wote wana haraka ya kuwa wakubwa. Sijawahi kumpima mtu aliyekubali kurudi mdogo mbele za watu, kwa sababu ya maneno matatu niliyoyaandika nikiwa natafuna kaukau.

"Kiuno?" nikasema.

"Futi unayo wewe."

Nikazungusha futi. Nikasoma namba, nikaisahau, ikabidi nipime tena.

"Watoto huwa tunawaachia pindo refu," nikamwambia, "kwa ajili ya kukua. Wewe nikuachie?"

"Unadhani nitakua tena?"

Nikamtazama, na safari hii hakutazama chini.

"Ndiyo," nikasema.

*

Baba yangu alifundisha darasa la sita miaka thelathini na mmoja. Tunamwita Ta, kama watu wa kwetu wanavyomwita baba, lakini barabarani bado anaitwa Mwalimu Waisake na watu wenye mvi. Alikuwa akisoma kila kitu kikundini na hakuandika hata neno. Nilipompelekea habari alikuwa akimenya muhogo.

"Ta, Kitione amerudi shule."

"Kitione yupi?"

"Yule wa Waikete."

"Yule adui wa irabu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wiki mbili, Una. Akidumu wiki ya tatu nitakula chaki."

Alidumu mwaka mzima. Matokeo ya Desemba yalipotoka amefaulu, nilimwekea Ta kipande cha chaki kwenye sahani, kando ya samaki wa nazi. Hakucheka. Alikisogeza kwa kidole, akala samaki, akanawa, ndipo akaniambia nikae.

"Unampenda."

"Ndiyo, Ta."

"Mtani hachumbii, mwanangu. Mtani anachekesha. Leo akikuita mke wake, kesho atamwita shangazi yako hivyohivyo. Anayetaka mke anakuja na wazee wake, anakaa chini mlangoni kwangu, analeta jino la nyangumi, anasema maneno yake huku amevaa uso wa mtu mzima. Je, kuna jino limefika hapa?"

"Hapana."

"Basi mimi mpaka leo nimeona vicheko tu."

Hata mimi nilikuwa nikilifikiria hilo. Kila Ijumaa tulikutana stendi ya mabasi Nausori, yeye na sare yake, mimi na nyuzi kwenye nywele. Alinunua roti mbili, chapati zilizokunjiwa viazi ndani, tukala tumekaa kwenye ngazi ya benki iliyofungwa. Alinionyesha daftari lake. Insha zake zilikuwa zimejaa wino mwekundu wa mwalimu wa kweli, na kila wiki wino ule ulipungua. Nilizifungua kurasa zile kwa heshima, kama mtu anayefungua kitabu cha kanisani. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo refu namna ile.

Ijumaa moja nikamwambia, "Tau, utaniuliza lini bila kucheka?"

"Nikimaliza. Na wewe utanijibu lini bila kucheka?"

"Ukiniuliza."

"Haya," akasema. Akakunja gazeti la roti mara nne, taratibu, akalitia mfukoni. "Mwezi wa kumi na moja."

Ilikuwa mwezi wa pili.

Mwezi wa tatu Rewa ulifurika ukaingia shambani kwao. Siku tatu alikaa ndani ya maji mpaka kiunoni akiyang'oa magimbi kabla hayajaoza. Homa ikamshika, akaniandikia ni mafua tu, Ijumaa hiyo tusikutane. Siku ya sita macho yakawa ya njano, wakampeleka hospitalini, na mimi sikuambiwa. Madaktari walisema ni ugonjwa uliokuwa kwenye maji yale, na walijitahidi. Siku ya nane ilikuwa Jumanne ile.

*

Tulikwenda kumzika Jumamosi, watu arobaini wa Navunisole, tukakusanyika Nausori na kupanda lori moja na magari mawili madogo. Ta alikuwa msemaji wetu. Tulibeba mikeka, pipa la mafuta ya taa, na vitambaa. Tulibeba pia utani, kwa sababu huo ndio wajibu wetu. Kwenye msiba wa tau tunakwenda kuwachekesha wafiwa. Tunaiba vyungu vya wapishi. Tunamkaripia maiti kwa kulala mchana. Wanawake wetu hujiangusha wakijifanya kulia, wanapiga mayowe, wanadai wao ndio wajane, mpaka mama wa marehemu acheke hata kama hataki. Anayerudi nyumbani bila kumchekesha mtu anaonekana amewadharau.

"Una ndiye ataanza," walisema kwenye lori. "Mwalimu amzike mwanafunzi wake."

"Umeandaa nini, Una?"

"Anaandaa imla!"

Nilishika ukingo wa lori. Nilikuwa na jambo moja tu la kufanya siku hiyo. Kitione aliniuliza, na hakuwahi kupata jibu. Nilitaka alipate kabla hajafunikwa. Lakini nilijua jinsi itakavyokuwa. Lolote nitakalosema pale, watacheka. Nikisema nilimpenda, watacheka. Nikilia watacheka zaidi, watasema Una anajua kuigiza. Tulikuwa tumejenga nyumba ile ya vicheko kwa miaka mitatu, yeye na mimi, na sasa sikuona mlango wa kutokea.

Waikete palikuwa pamejaa kuliko nilivyowahi kuona. Magari yaliishia chini kabisa mtoni. Na kando ya ukumbi, kwenye mistari miwili, walisimama watoto wa shule, sulu za kijivu na mashati meupe, kama sitini. Nyingi nilizishona mimi. Msichana mmoja mwenye miwani alikuwa akijifuta pua kwa mkono.

"Ninyi ni darasa lake?" nikamuuliza.

"Ndiyo, dada. Tulikuwa tunamwita Tai."

Tai ni babu.

"Alikuwa hakasiriki?"

"Hapana. Alikuwa anafika kabla yetu anafagia. Na mwalimu akieleza kitu, Tai anainua mkono anasema, sijaelewa, rudia tena. Kila siku." Akatazama chini. "Baadaye tukajua alikuwa ameelewa. Alikuwa akiona sisi ndio hatujaelewa na tunaona haya kuuliza."

Nikamtazama mtoto yule. Nilidhani namjua mtu. Kumbe nilikuwa nimeona upande mmoja tu wa picha yake ya duara.

Ndani, jeneza lilikuwa mbele, juu ya mikeka iliyopandana. Mama yake, Nana Losalini, alikaa upande wa kichwa, amevaa nyeusi, na Seruwaia pembeni yake, nyeusi vilevile. Ta akakaa chini, akatoa salamu zetu na mikeka yetu kwa maneno mazuri ya kizamani. Wakapokea. Wakapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa. Na hapo heshima ikaisha, utani ukaanza.

Shangazi yangu Kelera aliingia amevaa koti la mwanaume na miwani isiyo na vioo, rula mkononi. Akafungua daftari.

"Darasa, kimya! Naita majina. Kitione!"

Kimya.

"Kitione!" Akainama juu ya jeneza. "Hayupo? Haya, andikeni: mtoro!"

Ukumbi ukalipuka. Shangazi zake Kitione walikuwa wakilia na kucheka kwa pamoja, wakipigana mabegani. Hata darasa lake kule mlangoni walicheka, wakishangaa kwamba wanacheka.

"Na mwalimu wake yuko wapi?" akapaza sauti Kelera. "Mwalimu mwenyewe!"

"Una! Una!" wakaitikia watu wetu. "Tau Una! Simama!"

Nikasimama. Nilipita katikati ya watu, nikaenda kukaa kwenye ukingo wa mkeka, mbele ya Nana Losalini. Nikapiga makofi mara tatu, kama mtu anayekuja kuomba.

"Nimekuja kujibu," nikasema.

Wakacheka.

"Aliniuliza, nikamwambia amalize shule."

Wakacheka zaidi. Mtu akapiga mluzi.

"Jibu langu ni ndiyo."

"Bwana harusi amechelewa kidogo!" akasema mjomba mmoja, na paa lilitaka kung'oka. Ilikuwa kama nilivyoogopa. Nilikuwa nimelitoa jibu langu, na limeangukia kwenye vicheko kama mengine yote. Nikaona uso wa Seruwaia, hacheki. Nikaona mikono ya Nana Losalini imelala juu ya ile nguo nyeusi magotini mwake. Na mdomo wangu ukasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Nana, naomba nguo nyeusi."

Vicheko vikaanza kukatika, mkeka kwa mkeka, kutoka mbele mpaka nyuma walikokuwa wapishi.

Kwetu nyeusi huvaliwa na mama, na ndugu, na mjane. Huvaliwa siku mia. Anayeivaa hachezi, haendi sherehe, na kuna chakula anajinyima mpaka siku ya kuivua. Mtani haivai. Tumefanyia mzaha kila kitu cha Waikete, hata jeneza, lakini hakuna aliyewahi kuifanyia mzaha nguo ile. Ndiyo maana wote walinielewa mara moja, tena walinielewa kuliko nilivyowahi kueleweka maishani.

"Unaisi!" Sauti ya Ta. "Rudi hapa."

"Ta, niache."

"Hilo halichezewi!"

"Sichezi."

"Wewe ni mjane wa nani? Nani alikuja kwangu? Nani alikaa mlangoni kwangu akaomba? Utaaibisha nyumba mbili kwa siku moja?"

Nana Losalini alikuwa akinitazama tu. Ana macho ya mwanawe, yale ya kutazama chini, lakini hakutazama chini.

"Wewe ndiye wa miujiza," akasema.

"Nilifuta, Nana."

"Nilikwisha soma. Huyu anadhani sikuona." Akamgusa Seruwaia. "Mwanangu alikuwa hajapoa. Nikasoma yale maneno, nikacheka. Mimi, mama yake. Nilicheka kwa sauti pale hospitalini, wauguzi wakageuka. Mpaka leo sijui kama nikushukuru au nikuchukie."

"Nisamehe, Nana."

"Nyamaza kwanza."

Akamgeukia mzee aliyekaa karibu na nguzo, Momo Epeli, mjomba wake Kitione. Yule mzee akanyanyuka polepole, akaingia chumba cha ndani, akatoka ameshika kitu kwa mikono miwili. Lilikuwa jino la nyangumi, kubwa, rangi ya chai, limepakwa mafuta, na kamba yake imesukwa upya. Akakaa mbele ya baba yangu. Hakulinyoosha kumpa. Alilipakata.

"Mwalimu Waisake," akasema. "Hili sikupi. Mwenye shughuli amelala pale, na sisi hatumposei maiti. Lakini ulijue kazi yake. Kijana aliniomba Krismasi hii iliyopita. Nikamwambia, chukua, twende kesho. Akakataa. Akasema, 'Momo, yule mzee ni mwalimu. Nikienda sasa ataona vicheko tu. Siku nitakayotoka kwenye mtihani wa mwisho, siku hiyohiyo, kabla sijavua sare, twende.' Kila Jumapili alikuwa akija kwangu kulipaka mafuta."

Nje nilisikia kuni zikipasuka jikoni na mto ukipita. Watu mia nne, watani na wafiwa, walikuwa wakilitazama jino lile, na mimi nikalitazama, na nikahisi nimekuwa mdogo sana na nimependwa sana, yote mawili kwa wakati mmoja. Maneno ya Ta, yale ya vicheko tu, sikuwa nimemwambia Kitione hata siku moja. Aliyajua mwenyewe.

Ta akavua miwani. Baba yangu amesimama mbele ya watoto miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kumwona akitafuta neno.

"Nilisema wiki mbili," akasema mwishowe. Sauti yake haikufika mbali.

"Ta," nikasema.

Akanyanyua mikono yake, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, taratibu, kama anavyopokea mtu kitu kizito, ingawa hakupewa chochote.

"Mpeni nguo," akasema.

Nana Losalini alichukua kipande kutoka kwenye furushi lililokuwa nyuma yake. Akanifunga mwenyewe, juu ya gauni langu la maua, akakaza fundo kiunoni kwa nguvu mpaka nikaumia, kisha akaacha mikono yake palepale. Ndipo nikalia. Shangazi Kelera alikuwa bado amesimama kando ya jeneza na koti lake la kiume. Akaweka rula chini, akavua ile miwani isiyo na vioo, akakaa.

Hakuna aliyesema naigiza.

*

Leo ni siku ya arobaini na moja. Nakwenda dukani kama kawaida na nashona nikiwa nimevaa nyeusi. Nimejinyima magimbi. Siku ya mia itakuwa mwanzoni mwa mwezi wa saba. Waikete watachinja ng'ombe, Ta atakwenda na mkeka wake, na Nana Losalini atanivua nguo hii kwa mikono yake. Zimebaki siku hamsini na tisa.